Viti Ishirini na Vinne vya Parokia

Mashua ndiyo iliyoingia kwanza.

Honorine alikuwa ameinamia kinu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, ilipochungulia mlangoni mwa ua ncha ndefu ya rangi ya njano, kama pua ya jirani mpenda habari. Ikaingia hatua moja, mbili, tatu, na haikuonyesha dalili ya kwisha. Ikagonga nguzo ya kushoto. Ikarudi nyuma. Ikagonga nguzo ya kulia. Halafu ikanasa kamba ya nguo, na mashuka mawili aliyoyafua asubuhi yakaanguka katika vumbi jekundu la Rwambuzi, mtaa wa Bunia.

"Pardon," sauti ikasema kutoka chini ya mashua. "Pardon, pardon."

Mchi ukabaki hewani. Mwaka mzima na miezi miwili, tangu mwenye sauti alipokuja kuaga, Honorine hakuisikia sauti ile, naye alikuwa amejiapia kwamba siku akiisikia tena hatatetemeka. Hakutetemeka. Ila mchi haukushuka.

Shangazi yake, Agathe, alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Yesu na Maria! Nani njo amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, tantine. Ni miye, Floribert."

Tantine Agathe akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaitazama mashua. "Ingekuwa maiti," akasema, "ningejua namna ya kuipokea."

Kijana akaishusha mashua yake, akaipindua kifudifudi chini ya mparachichi, akasimama mikono imening'inia. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limepasuka begani, na miguu yake ilikuwa mitupu, imevimba, imejaa tope lililokauka. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yaleyale, yale macho ya kuomba radhi kabla ya kosa. Yakamtafuta Honorine, yakampata, yakakaa.

"Hono," akasema.

"Usiniite Hono. Okota hayo mashuka."

Akayaokota.

Ndani ya nyumba redio ilikuwa inasema. Redio ya Mzee Anselme, babake Honorine, haikuwa na kawaida ya kunyamaza. Tangu vita vilipoingia mjini iliamka naye na kulala naye. Sasa ikanyamaza. Honorine alisikia ule ukimya nyuma ya pazia la mlango, akajua kwamba baba yake anasikiliza, akazidi kukasirika.

Kwa nini alichagua leo? Siku zote za mwaka huu wa elfu mbili na mbili zilikuwepo! Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, risasi zilikuwa zimetulia wiki nzima, na saa nane mchana familia ya Blaise ilikuwa inakuja kujitambulisha. Blaise aliuza dawa karibu na soko. Alikuwa mtu wa heshima, hakunywa, hakuwahi kuchelewa popote. Honorine hakumchukia hata kidogo, na hapo ndipo palipomuuma: hakuwa na sababu ya kumkataa. Baada ya majadiliano mengi alikuwa amemwambia baba yake, "Sawa, papa, waje." Alisema hivyo kama mtu aliyechoka kusimama, akaonyeshwa kiti.

"Umetoka wapi?" akauliza sasa.

"Jinja. Mumbere, ule mwenye kuuza vitenge, alipita kule. Aliniambia juu ya Blaise. Nilitoka siku ileile. Ni siku ya tano leo."

"Kwa njia gani?"

"Mahagi. Kisha nikapata kamyo ya mizigo mpaka Iga Barrière. Kisha miguu."

"Iga Barrière!" Tantine Agathe akapiga paja. "Watu wenye magari wanaogopa ile njia, weye unapita na mutumbwi kwa kichwa!"

"Njo iliniokoa, tantine. Kwa barrière, wale wenye bunduki walikamata sac yangu, viatu, mpaka na mukaba wa suruali. Mashua waliigonga-gonga na bunduki, wakauliza ni nini. Mbele sijajibu, mukubwa wao akasema: acheni, ni sanduku ya maiti. Wakavua kofia."

Pembe ya mdomo wa Honorine ikataka kuinuka. Akaiuma. Hakuja mtu huyu kuchekesha watu hapa.

"Kwa hiyo umepoteza viatu," akasema, "umepoteza sac, lakini hii kitu haikupotea. Bunia haina ziwa, Floribert. Umekuja kuoa ao umekuja kuvua mvua?"

Ni lazima tumwelewe. Wanawake wengine huhofia mwanamume atachukuliwa na pombe, wengine na mwanamke mwingine. Honorine alikuwa amenyang'anywa wake na fito. Floribert alikuwa mtoto wa wavuvi wa Mahagi-Port. Alipokimbilia Uganda mwaka wa tisini na tisa alipata kazi kwenye maporomoko ya Nile, ya kuwaopoa watalii waliopinduka. Kocha mmoja mzungu akamwona, akasema: huyu ana mikono. Akamchukua kushindana msimu mzima katika mito ya Ulaya. Barua zilikuwa zinafika siku hizo, zimejaa majina: Tacen, Augsburg, Prague. Honorine alizisoma kwa sauti, na familia yote ilijitahidi kuelewa. Mtu anashuka katika maji yenye hasira, ndani ya mashua inayombana kama soksi. Juu ya maji zimening'inizwa fito mbilimbili, kila jozi ni mlango. Za kijani anazipita akishuka, nyekundu anazipita akipanda, kinyume cha maji. Akigusa ufito anaongezewa sekunde mbili. Akikosa mlango, sekunde hamsini.

"Na samaki?" Tantine Agathe aliuliza siku ile.

"Hakuna samaki, tantine."

"Na akifika chini?"

"Anabeba mashua, anarudi juu."

"Basi si angebaki tu kule juu?"

Mzee Anselme hakucheka. Yeye alisema neno moja tu, na alilirudia kila barua ilipofika: "Niliacha ziwa kusudi mutoto wangu asiolewe na maji." Mdogo wake, Antoine, alikufa maji mbele ya Mahagi-Port miaka kumi na moja iliyopita, ameshikilia mtumbwi uliopinduka. Mashua mbili zilipita karibu naye jioni ile. Moja ilikuwa na samaki, nyingine ilikuwa na haraka. Tangu hapo mzee hakushika tena kasia, na picha ya Antoine ilikaa sebuleni, imeupa mgongo upande wa ziwa.

Hata hivyo mzee alikubali kumpokea Floribert. Alikubali mara tatu. Aprili mwaka huu kijana aliomba radhi, kulikuwa na mazoezi. Julai akaomba radhi, kulikuwa na mashindano. Mara ya tatu aliandika mwenyewe: Jumamosi ya kwanza ya Septemba, msimu ukishaisha, nitakuja na mjomba wangu, naapa. Wakamwamini. Walikuwa ndiyo kwanza wamerudi kutoka porini walikokimbilia mapigano ya Agosti, nyumba haina hata sufuria ya kutosha, lakini wakaazima.

"Unajua viti ngapi?" Honorine akauliza. Mchi sasa ulikuwa umeshuka, naye aliushika kama mtu anayeweza kuunyanyua tena kwa kazi nyingine.

"Viti gani?"

"Anauliza viti gani! Tantine, umesikia?"

"Nasikia," akasema Tantine Agathe, akaketi juu ya kigoda. Sombe ingeweza kusubiri.

"Ishirini na ine. Vya parokia. Niliviomba miye mwenyewe, nikavibeba kwa kichwa, ine-ine, toka parokia mpaka hapa, majirani wananipigia vigelegele. Mama Joyeuse alitoka nje na mutoto mugongoni, anauliza, ni leo? Nikasema, ni leo! Tukavipanga hapa, kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. Ya kwenu ilibaki mitupu mpaka saa kumi na moja. Kuku moja alipanda juu ya kiti ya mujomba wako, akalala. Hakuna mutu alimufukuza, kwa sababu yeye angalau alikuja."

"Hono..."

"Nilivirudisha siku ileile. Ine-ine. Vigelegele haikuwa tena. Mama Joyeuse aliingiza mutoto ndani kusudi asinitazame. Unajua hiyo ni nini? Afadhali wangenicheka!"

Akaingia ndani, pazia likayumba, akatoka na kadi iliyokunjwa, moja ya zile za Msalaba Mwekundu zinazotembea wazi bila bahasha, kila mkono unaopita unazisoma. Akamsukumia kifuani.

"Soma."

"Najua iko nasema nini."

"Soma na sauti. Tantine hajui."

Tantine Agathe alijua sana, lakini hakuingilia.

"Niko muzima," akasoma Floribert. "Usiningoje."

"Maneno matatu. Imetembea wiki tano, imepita mikono ya watu kumi na tano, wote wanajua kabla yangu kama nimeachwa. Hata mutu wa kuniletea aliniangalia na huruma, akaniambia, courage, dada. Courage! Juu ya nini uliandika hivi? Ulipata muzungu?"

"Hapana!"

"Basi nini?"

"Nilipoteza course ya mashua."

Honorine akamtazama kwa muda. Tantine Agathe akamtazama. Hata pazia lilionekana kumtazama.

"Ulipoteza course," Honorine akarudia, polepole. "Hapa siye tumepoteza duka ya papa. Tumepoteza mlango ya nyumba, sufuria zote, na jirani wanane. Weye ulipoteza course, ukaona haistahili kuishi tena?"

"Haikuwa course tu. Ilikuwa ya mwisho ya msimu. Kocha alisema, ukiingia mu trente, wale makumi tatu ya kwanza, klabu inakupa contrat ya miaka mbili, na nyumba. Nyumba ya mutu na bibi yake. Nilikuwa nishaiona, Hono. Iko na madirisha ya vioo, na hakuna tundu ya risasi ata moja. Nilitaka kuja hapa na ile karatasi, nimuambie papa: naenda naye mahali bunduki hailie. Sasa ningekuja na nini?"

"Na miguu!"

"Ningesema nini?"

"Ungesema bonjour! Tungekukalisha kwa kiti!"

Alikuwa anapiga kelele sasa, na machozi yalikuwa yamefika, jambo lililomkera kuliko yote. Akayafuta kwa kiganja chenye sombe, akabaki na mstari wa kijani shavuni. Floribert aliuona ule mstari. Mkono wake ukaanza kupanda kwenda kuufuta, ukajikumbuka njiani, ukarudi.

"Ulipotezaje?" akauliza Honorine, sauti imeshuka.

"Nilikosa mlango."

"Mlango gani?"

"Ya kumi na saba. Na ya kumi na nane. Mpaka mwisho."

"Mbona? Uliandika kama hizo milango unaziota ukilala."

Floribert akaangalia chini, akakwangua tope la mguu mmoja kwa kidole cha mguu mwingine. "Naona haya. Tuache."

"Floribert. Familia ya Blaise inafika quatorze heures. Sema, ao beba sanduku yako ya maiti utoke."

Basi akasema. Alisema akiiangalia mashua, si watu.

Alikuwa anashuka vizuri, kuliko siku zote. Fito zilikuwa zinamkwepa zenyewe. Kocha alikuwa anakimbia ukingoni, anapiga mayowe ya furaha. Lakini mshindani aliyeanza kabla yake alikuwa ameharibikiwa, amechelewa, naye Floribert akamkuta pale kwenye mlango wa kumi na saba. Na alipomkaribia, wimbi likampindua yule mzungu. Kichwa kikazama. Likabaki tumbo la mashua, jeupe, linaelea juu ya povu.

"Sasa nikaona lile tumbo," akasema. "Unajua kwetu kwa ziwa. Mashua imepinduka, hauipite. Ata kama uko na haraka, ata kama ni ya adui yako. Niliacha njia. Nikamwendea, nikamukamata."

"Vizuri," akasema Tantine Agathe bila kutaka.

"Hapana, tantine. Si vizuri. Mu ule mchezo kila mutu anapinduka. Anabaki chini kidogo, anapiga maji na kasia, anarudi juu peke yake. Inaitwa kugeuka tu, watoto wanaijua. Hakuwa anakufa. Alirudi juu, kichwa yake ikagonga mukono yangu, akaanza kunitukana mbele ya watu wote. Tukazungukana, maji ikatuchukua sisi wawili, milango yote ikapita. Watu kwa ukingo walicheka mpaka wanalia. Nilikuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa."

"Ngoja," akasema Honorine. "Weye unajua kugeuka hivyo?"

"Mara kumi kwa siku."

"Unafundisha watu?"

"Kule Jinja, ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua kama hafi."

"Kichwa ilijua. Mikono haikuiuliza."

Honorine akajikuta ameketi juu ya ile mashua iliyopinduliwa. Hakukumbuka alivyofika pale. Akaweka mikono juu ya kichwa.

"Madirisha ya vioo," akasema. "Tantine, tulikuwa na nyumba. Na madirisha ya vioo. Huyu ameitoa zawadi kwa mutu mwenye hakuwa anazama. Na kisha ameona haya kunielezea, ameniacha na viti ishirini na ine! Mungu wangu, uliniona niko na kosa gani? Ungenipa mulevi, ningejua kazi yangu. Ungenipa mwizi!"

Pazia likafunguka.

Mzee Anselme alikuwa amekwisha kuvaa kwa ajili ya wageni: suruali ya kitambaa kizuri, shati jeupe limefungwa hadi shingoni, ila miguuni alikuwa bado na kandambili. Akateremka ngazi moja, akasimama mbele ya Floribert. Kijana akainama.

"Bonjour, papa."

"Ule muzungu," akasema mzee. "Alikaa chini ya maji muda gani?"

"Sekunde tatu, papa. Labda ine."

"Na weye ulikuwa mbali gani naye?"

"Kama toka hapa mpaka kwa kinu."

"Ulifikiri nini?"

"Sikufikiri, papa. Ningefikiri, ningepita."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayesikia hesabu yake imesomwa sawasawa. Alipozungumza tena alikuwa anatazama mbali, upande ule ule aliougeuzia mgongo miaka yote.

"Wale wa mashua ya samaki walikuja kwa matanga ya Antoine," akasema. "Walilia sana. Walituambia ati walifikiri. Walifikiri kuna watu wengine nyuma. Walifikiri anajua kuogelea, atafika." Akamgeukia kijana. "Miaka kumi na moja niko natafuta mutu mwenye hafikiri."

"Basi, papa, umemupata," akasema Honorine kutoka pale juu ya mashua, pua imeziba kwa kilio. "Huyu hafikiri kabisa."

Tantine Agathe akacheka kwa nguvu, akafunika mdomo na mwiko.

"Miye sina tena neno," akasema mzee. "Lakini aibu ya Septemba haikuwa yangu. Ni ya huyu." Akaelekeza kidevu kwa binti yake. "Ukisema Blaise aje, atakuja, na nitamupokea na moyo moja. Ukisema asikuje, nitaenda kwao sasa hivi miye mwenyewe, mbele hawajavaa viatu. Kuwaacha wafike, njo ingekuwa ubaya."

Wote wakamtazama binti. Honorine aliangalia miguu ya Floribert. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimepasuka, na damu ilikuwa imekauka kwenye ufa. Kutoka Iga Barrière, na hiki kidude kichwani! Alitaka kumpiga. Alitaka kumkanda ile miguu kwa maji ya moto na chumvi. Hakuweza kuamua kipi kianze, na katika kutoweza huko akapata jibu lake, kwa kuwa kwa Blaise hakuwahi kutaka hata kimoja.

"Enda, papa," akasema kwa sauti ndogo. "Umuombe Blaise pardon. Sana. Kesho nitaenda na miye."

Floribert akafungua mdomo.

"Weye nyamaza! Sijakusamehe."

"Najua."

"Sikukuuliza kama unajua. Utaenda parokia."

"Kuona padri?"

"Kuchukua viti! Ishirini na ine. Utabeba kwa kichwa, ine-ine, utapita kwa Mama Joyeuse, na akikuuliza ni leo, utamujibu. Sombe iko, muchele iko. Nimechoka kupikia watu wasiokuja."

"Leo, Hono? Lakini sina mujomba. Nilikuja peke yangu. Nani atanisemea?"

Hilo lilikuwa kweli. Mwanamume hajisemei kwa wakwe. Lazima awe na mdomo wa kwao. Mzee Anselme akakuna kidevu. Desturi ni desturi, hata mwaka wa vita.

Tantine Agathe akainuka kutoka kwenye kigoda kwa kishindo, akakifunga upya kitambaa chake cha kichwa.

"Miye nitamusemea."

"Agathe," akasema kaka yake, "weye uko upande wa mwanamuke."

"Nilikuwa. Nimevuka." Akamgeukia Floribert, akamwelekezea mwiko puani. "Lakini nikisema juu ya hiyo milango ya kamba, mutoto wa ziwa, hautafungua kinywa. Nitawaambia ulikuwa unavua."

Mzee akavua kandambili zake, akazisukuma kwa mguu mbele ya kijana, akaingia ndani kutafuta viatu vya kwendea kwa kina Blaise. Floribert akazivaa. Zilimpwaya. Akatoka nje ya ua bila kugeuka nyuma, anaburuta, ka-pa, ka-pa, na Honorine alihesabu zile hatua hadi zilipopotea, ndipo akarudi kwenye kinu na kutwanga kama mtu mwenye deni na sombe.

Saa sita ilikuwa haijafika aliposikia vigelegele barabarani. Ilikuwa sauti ya Mama Joyeuse, mmoja peke yake, kisha wa pili, kisha wengi. Miguu ya viti ikatokea kwanza mlangoni mwa ua, viti vinne vimefungwa pamoja juu ya kichwa kisichoonekana. Vikaingia. Vikagonga nguzo ya kushoto.

"Pardon," sauti ikasema kutoka chini yake.

Vikarudi nyuma. Vikaelekea nguzo ya kulia.

"Mungu wangu!" Honorine akatupa mchi, akakimbia, akashika miguu ya viti kwa mkono mmoja na kiwiko cha Floribert kwa mwingine. "Kushoto, Flori! Kushoto kidogo. Inama. Hapo! Sasa pita."

Akapita, hakugusa chochote. Wakasimama ndani ya ua, yeye jasho linamtiririka chini ya viti, Honorine mkono bado uko kwenye kiwiko chake, umesahau kuondoka.

"Imebaki ishirini," akamwambia.

Honorine akaongozana naye hadi parokia, ili asigonge nguzo za watu njiani.